Fuwele za Mtu Mwingine

Neno moja lingetosha: hapana. Ningelisema mchana ule, nikiwa nimesimama mbele ya sinki la maabara mikono imelowa hadi kwenye viwiko, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia. Nilisema, "Sawa, mkuu." Nikaenda kabatini, nikatoa kipande cha nta chenye nyama ya mtu mwingine, nikakikata, nikakilaza juu ya kioo, na pembeni mwa kioo nikaandika jina la shemeji yangu.

Ninyi mnaoingia maabara sasa mmesoma kuliko mimi. Mimi niliishia kidato cha nne, nikaajiriwa kuosha vioo katika hospitali moja hapa Kigoma, na kazi ya kukata nyama za wagonjwa kwa ajili ya hadubini nilifundishwa mezani. Nimeifanya hadi nikastaafu. Najua mengi ambayo hayamo katika madaftari yenu, na nitawaambia baadhi. Lakini nawaandikia kwa ajili ya lile moja.

Aliyenifundisha ni Mama Perpetua, mwanamke mfupi wa Kasulu aliyekuwa akivaa koti jeupe lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Somo lake la kwanza lilikuwa penseli. Siku zile niliona penseli ni ya watoto, nikaandika majina ya wagonjwa kwa kalamu ya wino, mwandiko mzuri wa kidato cha nne. Vioo vikapita kwenye spiriti, wino wote ukaondoka. Nikabaki na vioo kumi na viwili visivyo na wenyewe. Mama Perpetua hakunifokea. Alivipanga mezani, akavuta stuli.

"Haya, waulize."

"Niwaulize nini, Mama?"

"Majina yao. Si wewe ndiye uliyewafuta? Anza na huyu."

Nilikaa mbele ya vile vioo hadi saa ya kutoka. Tangu siku hiyo penseli ilikaa nyuma ya sikio langu, hata msikitini nimewahi kuingia nayo.

Nta, tunamogandishia nyama kabla ya kuikata, nayo ina tabu zake. Kigoma ni joto, na umeme wetu miaka ile ulikuwa unakuja unapotaka. Nta ikilainika, kisu hakikati, kinasukuma. Tulikuwa tunaigandisha kwa barafu ya wauza samaki wa Kibirizi. Kuna wiki vipande vyetu vyote vilinuka migebuka, na daktari mmoja mgeni akauliza kama mgonjwa alikuwa mvuvi. Mkikosa mashine ya kupoza, barafu ile inafaa. Ifungeni kwenye mfuko kwanza.

Sasa niwaambie habari za fuwele, maana bila hizo hamtanielewa.

Mama Perpetua alinifundisha korodani kwa kunipeleka buchani. Alinituma nilete ya mbuzi, nikaikata siku nzima, nikapaka rangi ya zambarau na waridi, nikaiweka chini ya hadubini. Akasema, "Unaona mirija ya duara? Humo ndimo mbegu zinamotengenezwa. Sasa toka nje ya mirija, nenda katikati, kwenye zile seli zilizokusanyana kama watu kwenye kivuli. Hizo ndizo zinazotengeneza homoni ya kiume. Tafuta fuwele ndani yake. Ni kama vijiti, ncha zimekatika sawasawa."

Nilitafuta. Nilitafuta wiki nzima. Kila asubuhi ananiuliza, "Umeziona?" Nami najibu, "Sijaziona, Mama." Siku ya tano nilikaribia kusema nimeziona, nipumzike. Sikusema. Wiki ilipokwisha Mama akacheka hadi akakaa chini.

"Mbuzi hana! Ng'ombe hana, mbwa hana. Karibu wanyama wote hawana, ila binadamu mwanaume aliyekwisha kubalehe. Nilitaka nijue kama utaniambia umeona ili unifurahishe."

Ndipo akafungua kabati na kunitolea kipande chake cha kufundishia. Kilitoka kwa mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji zamani, na yeye alikihifadhi kwa spiriti, hakutumia formalini, kwa sababu formalini huziyeyusha fuwele hizi. Wengi wenu mtakata korodani miaka kumi msione hata moja, mkadhani vitabu vinadanganya. Hazikukosekana, mmeziyeyusha. Katika kipande cha yule mzee zilikuwa nyingi ajabu. Ndani ya seli moja zilikuwamo tatu, zimelala kama njiti za kiberiti zilizodondoka.

"Kazi yake nini?" nikauliza.

"Hakuna ajuaye. Hata hao wakubwa wenye hadubini za umeme hawajui. Wewe zikate vizuri."

Kuna nyingine nyembamba zaidi ndani ya mirija, kwenye seli zinazolea mbegu, lakini kwa hadubini zetu hizo ni za kubahatisha. Za katikati ndizo alizozipenda. Alipostaafu akarudi kwao, alinikabidhi kile kipande kama mtu anayekabidhi mtoto.

Shemeji yangu Yasini alimuoa mdogo wangu Zawadi, ndugu yangu pekee wa tumbo moja. Walikaa Ujiji, Yasini akiuza mawese, mtu mkubwa wa kifua, mcheshi, anayebeba madumu mawili ya lita ishirini kwa mkono mmoja na kukuuliza huku anapita, "Shemeji, vipi, bado unawachinja watu vipande vipande?" Nami namjibu, "Nakusubiri wewe tu, una nyama nyingi." Huo ndio ulikuwa utani wetu.

Miaka minne ya ndoa hawakupata mtoto. Daktari alimtaka Yasini alete mbegu kwenye chupa zipimwe. Alikataa. Alisema jambo hilo ni haramu na ni aibu, na hakuna atakayemfungia chooni na chupa. Kisha mwaka huo akaugua mshipa. Ninyi mtaandika kwenye fomu busha au ngiri, lakini mgonjwa wa hapa atawaambia mshipa, na mkimwuliza mshipa gani atatazama ukutani. Yasini alikuwa na busha, akapangiwa upasuaji. Mimi ndiye niliyemwendea.

"Shemeji, ukiwa pale mezani umelala, daktari achukue kipande kidogo, kama punje ya mchele. Mimi mwenyewe nitakikata. Tujue kama mbegu zinatengenezwa. Chupa ya haramu hutaigusa."

"Mara moja tu," akasema. "Mtu yeyote asijue. Na nikitoka pale, kisu hakirudi tena huku chini. Umenisikia, Issa?"

"Nimekusikia."

Kipande kilikuja asubuhi, kimo ndani ya chupa ndogo yenye ile dawa ya njano ya kuhifadhia, ambayo ni nzuri kuliko zote kwa korodani. Mnaijua, inafanana na mkojo wa mtu asiyekunywa maji. Sheria ilikuwa jina kabla ya kitu kingine chochote. Penseli ilikuwa sikioni mwangu. Lakini maabara ile ilikuwa na watu sita, na wanne kati yao walinunua mawese kwa Yasini. Wangesoma jina lake kwenye chupa ya korodani, kabla ya alasiri Ujiji nzima ingejua. Alikuwa mume wa dada yangu. Nilimsitiri. Niliiacha chupa bila jina, nikaiweka dirishani, nikajiambia, naijua.

Mchana zililetwa chupa za mkojo za kina mama wa kliniki, chupa za kila aina, za dawa ya kikohozi, za jamu, nazo zikapangwa dirishani. Mhudumu wa usafi alikuwa likizo na zamu ya kumwaga ilikuwa yangu. Zilipokwisha kupimwa, nilizikusanya, nikamwaga moja baada ya nyingine huku bomba limefunguliwa, nikiimba kimoyomoyo.

Mkojo haupaki rangi. Niligundua pale sinki jeupe lilipobaki na doa la njano ambalo maji hayaliondoi.

Nilifungua bomba la chini kwa mikono. Nilichuja maji yote kwa chujio la chai. Nilipata punje tatu, nikazibonyeza. Zilikuwa za wali.

Hapo ndipo aliponikuta mkuu wa maabara, Bwana Severini. Nilimweleza. Alifunga mlango.

"Mgonjwa anajua?"

"Hajui."

"Daktari?"

"Hajui."

"Sasa kelele za nini? Kipo kipande cha Perpetua. Kata pale."

"Mkuu, kile ni cha mtu mwingine."

"Korodani ni korodani. Unataka umrudishe yule bwana mezani? Atakubali?"

"Hatakubali."

"Basi. Umemwona alivyo? Yule ana ugonjwa gani? Atasomewa mazuri, ataenda kwake anacheka, watoto watakuja wenyewe. Wewe unaona nini?"

Niliona uso wa Yasini nikimwambia kwamba nimemwaga kipande cha mwili wake pamoja na mikojo ya wajawazito. Hilo tu ndilo nililoliona. Nikasema, "Sawa, mkuu."

Severini ameshafariki, na simlaumu. Yeye alitoa shauri tu. Mkono uliokata ni wangu, na ulikata vizuri. Utepe wa vipande vilivyoshikana ulitoka mrefu bila kukunjamana. Kioo kimoja nikakiandika Yasini. Utepe uliosalia nikaona hasara kuutupa, nikaulaza juu ya kioo kingine na kukiweka kwenye sanduku la kufundishia.

Daktari alisoma, akaniita. "Issa, umekata kama malaika. Fuwele nyingi hivi sijapata kuziona." Akaandika kwamba mbegu zinatengenezwa kama kawaida. Yasini aliikunja karatasi ile mara nne, akaitia mfuko wa shati. Jioni alinipelekea dumu la mawese nyumbani Kidahwe, nami nikalipokea.

Kama mume ni mzima, basi mke ndiye mgonjwa. Hakuna aliyelitamka mwanzoni. Zawadi akaanza kunywa dawa. Alikwenda kwa mganga Kalinzi akarudi na magome ya kuchemsha, akatapika siku tatu. Alikwenda hospitali wakampima, wakasema hawaoni tatizo, naye akasema, "Hawajui kutafuta. Kaka, wewe ungetafuta ungeona." Nilikuwa nakunywa chai yake aliposema hivyo.

Baada ya miaka mitatu Yasini aliita kikao cha familia. Tulikaa nyumbani kwetu Kidahwe. Baba mdogo alisimamia, kwa sababu baba yetu alikuwa amekwisha kufa. Yasini hakuwa na ubaya wa maneno. Alikuwa analia. Alitoa ile karatasi, imechakaa kwenye mikunjo.

"Mimi simchukii Zawadi. Lakini nimepimwa. Nimekatwa kwa kisu, na aliyenipima ni ndugu yenu mwenyewe, huyu hapa. Mnataka nife bila mtoto?"

Baba mdogo alinigeukia. "Issa, wewe ndiye mtaalamu wetu. Karatasi hii ni ya kweli?"

Zawadi alikuwa amekaa mkekani karibu na mama, ameinamisha kichwa. Alikiinua. Alinitazama kama mtu anayetazama mlango wa mwisho katika nyumba, kuona kama umefungwa au la.

"Ni ya kweli," nikasema.

"Ego," mama akasema polepole kwa Kiha, yaani ndiyo, akashika mkono wa mwanawe. Talaka iliandikwa wiki ile. Zawadi akarudi na masanduku mawili, nikampa chumba cha nyuma.

Mnaweza kudhani nimekwisha kusema baya lote. Bado.

Baada ya eda na mwaka mwingine, alikuja mwalimu mmoja wa Kalinzi, mjane, mtu mpole mwenye kahawa yake shambani. Mkewe alikufa bila kumwachia mtoto. Alimpenda Zawadi kweli. Alikuja mara tatu, na mara ya tatu akaleta mshenga. Zawadi aliomba aongee naye mwenyewe. Alisimama uani, mimi nikiwa sebuleni, mlango uko wazi.

"Mwalimu, wewe ni mtu mzuri. Unataka watoto?"

"Nataka. Mungu akinipa."

"Mimi hatanipa. Mume wangu wa kwanza alipimwa akakutwa mzima. Mimi ni tasa. Sitaki kukudanganya. Kaoe mwingine."

"Zawadi, hayo mambo..."

"Kaka yangu ndiye aliyepima. Muulize."

Mwalimu alichungulia sebuleni. "Ndivyo, kaka?"

Ningeweza kusema. Ningesema, mwalimu, karatasi ile si ya mtu yule, muoe dada yangu mjaribu bahati yenu. Nilitazama kikombe changu. Mwalimu akadhani ukimya wangu ni huzuni ya kaka, akaniomba radhi kwa kuniuliza, akapanda pikipiki yake. Alioa mwaka uliofuata, na nimesikia ana watoto wanne. Zawadi alirudi jikoni akaendelea kuchambua maharage. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Nilistaafu kwa hotuba na shuka jipya. Mahali pangu palishikwa na binti mmoja, Neema, fundi hodari kuliko mimi. Miaka miwili baadaye alinipigia simu, akaniomba nifike maabara, kuna kitu hakielewi. Nilidhani kisu kimemsumbua.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Alinieleza kwamba amekuja mgonjwa mmoja wa Ujiji. Ana mke wa pili, miaka mingi, hawajazaa. Safari hii alikubali chupa, na kwenye chupa hakuna mbegu hata moja. Daktari akataka kioo chake cha zamani. Neema akakitoa kabatini.

"Babu, mimi nilifundishwa fuwele kwa kile kioo cha kwenye sanduku. Ile seli yenye fuwele tatu naijua kama nyumba yetu. Sasa tazama hiki cha mgonjwa."

Sikuhitaji kutazama, ila niliinama nikatazama. Zilikuwepo, tatu, zimelala vilevile. Utepe ni utepe, vipande vyake hufuatana, na seli moja ikikatwa huonekana kwenye vyote viwili.

"Watu wawili hawawezi kuwa na seli moja," Neema akasema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa ananisubiri nimweleze ni wapi yeye amekosea.

"Hujakosea," nikamwambia. "Ni mimi." Nikamsimulia, kuanzia chupa isiyo na jina hadi hapo. Alivua miwani, akaifuta, hakuivaa tena hadi nilipomaliza.

"Itabidi nimwambie daktari, Babu."

"Mwambie."

"Na dada yako?"

"Huyo ni wangu."

Nilitembea sehemu kubwa ya njia ya kurudi Kidahwe, nikiyapisha magari. Nilimkuta Zawadi anaanua nguo. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitasema. Nilimwambia kwamba kipande cha Yasini nilikimwaga, kwamba karatasi ile ilikuwa ya mzee mmoja asiyemjua, na kwamba leo imegundulika mwenye kasoro alikuwa Yasini. Hakulia. Alikuwa ameshika kanga, akawa anaikunja pembe kwa pembe.

"Siku ya kikao ulijua?"

"Nilijua."

"Siku aliyokuja mwalimu?"

"Nilijua."

"Ulikuwa umekaa pale sebuleni."

"Nilikuwa nimekaa."

Alimaliza kukunja kanga, akaiweka juu ya nyingine. "Nilikuwa najichukia mimi," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa najichukia mimi." Kisha akaingia ndani kufunga mizigo.

Wanangu, andikeni jina kwenye chupa hata kama ni ya baba yenu mzazi. Anayefichwa kwa heshima hupotea kirahisi kuliko anayetajwa jina akaona haya. Na mkipoteza, semeni siku hiyohiyo, mikono ikiwa bado imelowa, kwa sababu kesho uongo utakuwa umeshaandikwa kwenye karatasi, na karatasi itakuwa imeshatembea. Mengine nimewaambia kwa ajili ya kazi. Hili nawaambia kwa ajili yenu.

Zawadi anaishi Ujiji, kwenye chumba cha kupanga, anasuka mikeka na kuuza mchele. Ni mwendo wa chini ya saa moja kutoka kwangu. Nimekwenda mara sita. Hanifukuzi. Hunipa kiti, akaendelea na kazi yake, na wateja wakimwuliza huyu mzee ni nani, husema ni mtu wa Kidahwe. Amepita umri wa kuzaa. Sijui kama angezaa kwa mwalimu, na hakuna hadubini itakayoniambia. Ninachojua ni kwamba nilimnyima nafasi ya kujaribu, ili mimi nisione haya kwa dakika tano. Mama alikufa akiamini binti yake ni tasa. Mimi sina dada tena, na yeye hana mtoto.